Wapeni Waosha Magari Idhini, Tena kwa Masharti

MTAA WETU
Na Mwanaisha Kombo

Biashara ya kuosha magari katika mitaa ya Nairobi huanza na vitu vichache: kiwanja kilicho wazi, tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, pampu ya presha, na vijana watatu wanne waliovaa mabuti ya mpira. Mwenye kiwanja hupokea kodi yake ya mwezi, vijana hugawana malipo ya kila gari, na maji machafu hujitafutia njia. Njia hiyo mara nyingi ni mtaro wa barabarani. Mtaro humwaga kwenye Mto Ngong, Mathare au Nairobi, mito hiyo ikaingia Athi, na Athi ikabadili jina kuwa Galana, kisha Sabaki, kabla ya kufika Bahari Hindi karibu na Malindi. Grisi inayotolewa chini ya matatu pale Umoja asubuhi ina safari ndefu mbele yake.

Siku mwenye biashara anapotaka kuiboresha, amwage sakafu ya zege, aezeke paa, achimbe kisima na kujenga chumba cha wateja kusubiri, ndipo anapokutana na sheria. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamkataza mtu yeyote kuendeleza ardhi bila idhini ya serikali ya kaunti. Anayeikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Na kama kiwanja kimetengewa makazi, ruhusa ya ujenzi peke yake haitoshi. Lazima matumizi ya ardhi yabadilishwe, tangazo litolewe, na majirani wapewe nafasi ya kupinga.

Hapo wengi hurudi nyuma. Maombi huandaliwa na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, na mtaalamu hulipwa. Tangazo la gazetini hulipiwa. Kisima kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kumwaga maji machafu kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mtu anayepata riziki yake gari kwa gari huona ni heri abaki na changarawe yake na kuvumilia misako ya askari wa kaunti.

Msimamo wa safu hii ni kwamba kukwama huko ndiko kunakochafua mito. Asiyejua kama atabomolewa kesho hawezi kuzika pesa ardhini, na katika biashara hii, karibu kila kitu kinachozuia uchafuzi huzikwa ardhini.

Chukua tangi la kutenga mafuta. Ni shimo la zege lenye vyumba vitatu, na mifuniko juu. Maji kutoka kwenye sakafu iliyoinamishwa kidogo huingia chumba cha kwanza, ambako mchanga na matope hutuama. Katika chumba cha pili mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea. Bomba la kutokea limekunjwa likateremka hadi karibu na chini, kwa hiyo huchukua maji ya chini na kuyaacha mafuta juu. Chumba cha tatu hurudia kazi hiyo kabla maji hayajaingia kwenye bomba la majitaka. Hakuna umeme wala dawa. Kinachohitajika ni sakafu isiyovuja, bomba la majitaka la kuunganishia, na mtu wa kuyachota mafuta na kuzoa matope mara kwa mara. Sabuni kali huvuruga kazi hii kwa kuyachanganya mafuta na maji, ndiyo maana aina ya sabuni nayo inafaa kutajwa kwenye masharti ya idhini. Kwenye kiwanja cha changarawe kisichotambuliwa na ofisi yoyote, tangi kama hilo halina hata pa kuanzia.

Gharama ya kuwaacha waosha magari wajitafutie mahali inajulikana vizuri Kisumu. Kwa miaka mingi vijana wa huko waliosha magari wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Victoria. Konokono wa ziwani hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kenya, na wenzao kutoka Marekani walianza kuwafuatilia vijana hao miaka ya 1990, na sehemu ya matokeo ikachapishwa mwaka 2002 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Vijana walitibiwa kwa praziquantel, wakapona, wakarudi majini kwa sababu kazi ilikuwa huko, na wengi wakaambukizwa upya. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni kiwanja kikavu chenye maji ya bomba.

Majirani nao wana hoja zao, na hazitokani na chuki. Mitaani Nairobi, kuosha magari mara nyingi huandamana na nyama choma, baa na spika. Mteja anasubiri gari lake, anaagiza chakula, muziki unapandishwa. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 nje ya nyumba za makazi usiku, kiwango ambacho spika ya baa hukivuka kwa urahisi. Magari yaliyopanga foleni nayo huziba lango la jirani.

Hoja hizo zinastahili kujibiwa kwa maandishi, moja baada ya nyingine, ndani ya idhini yenyewe: saa ya kufunga, marufuku ya muziki wa nje, nafasi ya magari kusubiri ndani ya kiwanja. Sheria inaruhusu kaunti kuidhinisha kwa masharti, au kukataa na kueleza sababu. Asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Panapostahili kukataliwa, pakataliwe. Kanuni za ubora wa maji zinalinda ukingo wa mto kwa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali iliwaagiza watu waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mito ya Nairobi wahame. Mwombaji wa huko asaidiwe kupata kiwanja kingine.

Kibaya zaidi ni kimya. Sheria ya 2019 inasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 atachukuliwa kuwa amekubaliwa. Kifungu hicho kinamlinda mwananchi dhidi ya uzembe wa ofisi, lakini idhini inayopatikana kwa kimya haisemi lolote kuhusu tangi la mafuta, saa za kufunga wala sabuni. Jirani anakosa cha kushika akienda kulalamika. Mwenye biashara naye anakosa barua ya kumwonyesha askari, au benki anapoomba mkopo wa kujengea lile zege.

Kaunti ya Nairobi inaweza kulirekebisha hili bila kusubiri sheria mpya. Itoe mchoro wa kawaida wa sakafu na tangi la kutenga mafuta, ili mwenye biashara ndogo asilipie usanifu upya. Ada ifuate ukubwa wa kiwanja. Maafisa wa mipango, maji na mazingira wakikague kiwanja siku moja, na tangazo libandikwe langoni kwa Kiswahili chepesi ili jirani ajue anaulizwa nini. Wanaoendesha biashara sasa hivi nje ya kingo za mito wapewe miezi sita ya kuwasilisha maombi bila kubomolewa. Muda huo ukiisha, anayeendelea kumwaga maji machafu mtaroni afungiwe.