Ami, sitaki serikali inisimamie sala

Najua nimepotea. Zamu za usiku wiki tatu mfululizo, nikirudi chumbani Al Khuwair jua limeshachomoza, nalala kama gogo. Mama kashanisema kuwa ukurasa huu umeota utando wa buibui. Leo nimepumzika, nina la kusema, na nalisema kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Limeanza na ile sauti ya Ami kwenye kundi la ukoo. Dakika saba! Kwa wasioisikia: mdogo wangu kachukua kadi ya ACT-Wazalendo, Ami kaja juu. Anasema Waislamu wa Zanzibar tunahitaji chama cha dini, kiingie serikalini kiisimamishe dini kwa nguvu za dola. Na kwa kuwa chama hicho hakipo, bora mtu abaki na CCM, maana kura ya chama kingine chochote ni ya kutupa baharini. Watu kumi na moja wameweka dole gumba. Nimewahesabu, na baadhi yenu mnasoma hapa.

Ami, shikamoo. Wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka skuli siku ya kwanza, sitakuvunjia adabu. Lakini hapo umekosea mara mbili.

Mimi nasali sala tano, hata kazini, kwenye kichumba nyuma ya stoo ya mashuka. Sasa nikwambie jambo la wodini. Kabati la morfini silifungui peke yangu. Anasimama mwenzangu, tunahesabu pamoja, tunaandika, tunasaini wote wawili. Mwenzangu huyo mara ni Mkristo wa Kerala, mara ni Mwislamu wa Salalah. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa kuwa namcha Mungu basi nibaki na ufunguo mwenyewe. Na nikiambiwa hivyo nitakataa, kwa sababu najijua, mimi binadamu, nimechoka, ni saa tisa usiku. Wewe unataka kumpa mwanasiasa ufunguo wa msikiti na wa hazina kwa pamoja, bila shahidi, eti kwa sababu ana alama ya sijda usoni!

Utasema, mbona huko uliko dini iko serikalini? Kweli. Hapa Oman khutba ya Ijumaa inaandaliwa na Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini, maimamu wanaisoma. Na nakiri nimeona uzuri wake: Ibadhi, Sunni na Shia wanaishi pamoja na hakuna anayemtukana mwenzake kwenye mimbari. Lakini hapa vyama vya siasa haviruhusiwi kabisa, kwa hiyo mfano huu haukusaidii wewe unayetaka chama. Zaidi ya hapo sisemi. Mimi mgeni, na mgeni hasemi mchuzi umezidi chumvi.

Turudi kwetu. Katiba ya Muungano, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maneno mazuri, nayataka kama yalivyo. Sasa angalia yaliyotendeka. 1968 EAMWS ilipigwa marufuku, mwaka huohuo BAKWATA ikazaliwa kwa baraka za serikali, na Waislamu wa Bara hawajaacha kugombana nani anawasemea. Zanzibar tukaletewa Sheria ya Mufti 2001, na Mufti anateuliwa na Rais. Nakumbuka wewe mwenyewe barazani ukiuliza, Mufti wa kuteuliwa ataikemea vipi serikali iliyomteua? Ilani ya CCM ya 2005 iliahidi kuitafutia ufumbuzi Mahakama ya Kadhi kule Bara. Miaka kumi baadaye, 2015, muswada ukaondolewa bungeni. Kura walishazichukua zamani. Na masheikh wa Uamsho? Walikaa rumande miaka na miaka kwa mashtaka ya ugaidi, Juni 2021 mashtaka yakafutwa wakaenda nyumbani, bila hukumu yoyote.

Msidhani ni Waislamu peke yetu. Askofu Gwajima alikuwa mbunge wa CCM, wa ndani kabisa. Mwaka 2025 akakemea utekaji wa watu, na Juni mwaka huohuo kanisa lake likafutiwa usajili. Kwa hiyo hata ukiwa mwenzao! Kalamu iliyoandika jina lako ndiyo hiyohiyo inayolifuta. Ndiyo maana mimi nataka serikali yenye mikono mifupi: ijenge hospitali, iweke dawa kwenye makabati, ilinde watu, halafu iniache nisali.

Na hicho chama cha dini, Ami, sheria ya vyama ya 1992 inakikataza. Kenya mwaka huohuo wa 1992 walijaribu, Islamic Party of Kenya, kikanyimwa usajili, Mombasa ikawaka. Kwetu kukosekana kwake hakukuzuia siasa za dini, kumeigeuza dini kuwa tope la kumpakia mpinzani. CUF ikaitwa chama cha Waislamu. Chadema ikaitwa chama cha Wakristo, khasa 2010 alipogombea Dk. Slaa ambaye alikuwa padri. Nani aliyekumbuka kuwa mwanzilishi wake, Mzee Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliacha uwaziri wa fedha 1979 kwa kutoelewana na Mwalimu kuhusu IMF? Huo ulikuwa mjadala wa maana, serikali iingie mpaka wapi kwenye mfuko wa mtu. Sisi tukabaki kuuliza mgombea anasali wapi.

La pili, la kura ya kutupa baharini. Juzi nilikuwa na mgonjwa, bibi wa miaka themanini na kitu, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kinanitia aibu mimi. Nikimpima presha ananisimulia uchaguzi wa Januari 1961 kama wa jana. ASP viti 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama cha tatu, viti 3 tu. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku mmoja kule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja! Juni wakarudia, watu 68 wakauawa. Bibi anasema Hizbu walijiita watetezi wa dini, na majirani zao wa ASP wakisali msikiti mmoja nao. Watu watatu waliipindua nchi, Ami, kwa mema na mabaya. Desemba 1963 waziri mkuu alikuwa Shamte, wa hicho chama cha tatu.

Na hata karibu zaidi. Serikali ya umoja wa kitaifa, iliyopitishwa kwa kura ya maoni Julai 2010, ingetoka wapi kama watu wa Pemba na Mjini wangeona kura zao ni za bure? Sisemi wapinzani ni malaika. Wakipewa gari la makamu sauti inashuka, na hilo mdogo wangu nimemwambia. Lakini apimwe kwa swali moja: akishika yeye, mikono ya serikali itapungua urefu au atairefusha upande wake?

Wahafidhina wa Marekani nao wana ugonjwa kama wako. Wanaimba serikali ndogo, halafu wanataka hiyohiyo iwasimamie Biblia. Waliochoka wana chama chao, Constitution Party, hakijapata hata kiti kimoja katika Bunge lao, nao wanaambiwa wanatupa kura. Na ukikisikiliza, nacho kinataka Biblia ndiyo iwe msingi wa sheria, basi ni yaleyale.

Mtaniambia, kura gani, wakati 2025 Chadema walizuiwa kushiriki, Lissu alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini, na mgombea urais wa Muungano wa ACT akaenguliwa? Hapo sina jibu la mkato. Mtandao ulipozimwa tarehe 29 Oktoba mdogo wangu alikuwa Dar. Siku kadhaa sikujua yu hai au vipi, nilikuwa nabadilisha dripu za watu huku mikono inatetemeka, mpaka sista wangu wa zamu akaniambia nikakae. Kwa hiyo Ami usidhani naongea kwa ushujaa wa mtu aliye mbali. Naogopa kuliko wewe. Lakini aliyezima simu hakuuliza nani Mwislamu nani Mkristo, na hao ndio unaotaka tuwaongezee na mimbari.

Kadi yake mwacheni nayo. Mama, usimfichie.

Ami, dawa ya magoti nimeipata, na tende za Nizwa zile ulizosema. Zinakuja na mtu Jumatano. Nijibu, lakini tafadhali si kwa dakika saba.