Kijana, nunua mpini wa kuvalisha wembe
Na Mwenda Njeru

Ukitoka Embu kwenda Meru, ukapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, hutakosa kinyozi katika soko lolote utakalosimama. Na mteja wa siku hizi hatosheki na mashine. Anataka ndevu zichongwe kwa wembe, kipara king'ae, halafu awekewe taulo la moto usoni. Stima ikipotea, mashine inanyamaza na wembe peke yake unaendelea na kazi. Kijana anayefungua kibanda chake Makutano au mjini Embu hana budi kuamua mapema atanyoa kwa wembe wa aina gani.

Ushauri wangu ni kwamba anunue mpini wa kukunja unaovalishwa wembe mpya kwa kila mteja. Ule wembe wa chuma kizima, unaonolewa kwenye jiwe na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, auache. Naelewa unavyovutia. Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani zilipata sifa kwa kuutengeneza, na anayeujua anaweza kuutumia maisha yake yote. Lakini unadai mawe ya kunolea ya daraja mbalimbali, kuanzia 1000 hadi 8000, na unadai mkono uliozoea kuyalaza makali juu ya jiwe. Anayeanza huyaua makali kabla hajajua kuyanoa. Tena nyembe nyingi za aina hiyo hushika kutu haraka, na Julai yetu ya ukungu na manyunyu haikaushi kitu.

Hayo yote ni madogo. Sababu kubwa ni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili kwa angalau siku 7 na bado vikaambukiza, hata pale ambapo tone la damu limekauka na halionekani kwa macho. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwishoni mwa 2001. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 35 anayeketi kwenye kiti chako leo huenda hakuipata chanjo hiyo utotoni. Wembe wa chuma kizima unaofutwa kwa kitambaa na kupelekwa kwa mteja wa pili haumlindi.

Sisi watu wa Meru na Embu hatuhitaji kufundishwa jambo hili upya. Kila Desemba wavulana wanapotahiriwa, ni mzazi gani leo atakayekubali kisu kimoja kipite kwa watoto wawili? Tulijifunza kwa uchungu, katika miaka ambayo ukimwi ulizika watu wengi hadi serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Mvulana huyo huyo akishaota ndevu, tunamruhusuje kuinamisha shingo chini ya wembe uliotoka kwenye shingo ya mtu asiyemjua?

Sasa, dukani. Chagua mpini wa chuma kisichoshika kutu, wenye uzito wa kutulia mkononi. Wa plastiki ni mwepesi mno na huteleza ukiwa na povu. Uvalishe wembe papo hapo, uutikise. Wembe ukicheza, rudisha mpini huo. Angalia pia makali yanavyotokeza: kwa anayeanza, yakitokeza kidogo ndiyo salama. Kwa wembe wenyewe, Nacet ya kawaida yenye makali pande mbili inatosha. Ikunje kwa uangalifu ingali ndani ya karatasi yake, nayo itakatika katikati kwa mlio mdogo. Nusu moja inaingia kwenye mpini, nusu ya pili inabaki karatasini ikimngoja mteja anayefuata. Watu wawili wamenyolewa kwa wembe mmoja, na kila mmoja amepata makali ambayo hayajagusa ngozi ya mwingine. Kwa bei ya wembe katika duka lolote la mtaani, sikubali kwamba kinyozi atafilisika kwa sababu ya hilo.

Brashi ya povu iwe ya nyuzi za kutengenezwa. Hukauka upesi na ni rahisi kuosha. Zipo pia za manyoya ya nguruwe, na mteja Mwislamu kutoka Majengo, iwe ya Meru au ya Embu, ana haki ya kutopakwa povu kwa brashi hiyo. Jiwe la shabu usilipitishe kutoka uso hadi uso. Ukilisugua kwenye mkato wa huyu kisha wa yule, umeirudisha ile damu uliyoikimbia. Tumia pamba safi, uitupe. Na nyembe zilizotumika ziingie kwenye mkebe wenye kifuniko, kwa sababu taka za sokoni huchokorwa na watoto.

Kuhusu kunyoa kwenyewe, nitasema jambo moja tu. Ndevu zetu zimejikunja, na zikikatwa chini mno kwa kwenda kinyume cha zinavyoota, ncha hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Vuta ngozi, laza wembe kwa nyuzi kama 30, ufuate uelekeo wa ndevu. Mteja akidai shingo iwe laini kama ya mtoto, mweleze kwa upole kwa nini hutafanya hivyo.

Kaunti za Meru na Embu hutoza vinyozi ada ya leseni kila mwaka. Naziomba zitumie nafasi hiyo: afisa wa afya ya umma anapofika kukagua kibanda, aulize kwanza mkebe wa nyembe uko wapi, na asitie sahihi mpaka auone. Nawe msomaji, ukiketi kwa kinyozi wiki hii, mwambie afungue wembe mbele ya macho yako. Akikataa, inuka uende kwa jirani yake.