SUNGUSUNGU WA MPANDA NA DHAMANA YA SERIKALI

Wako watakaotuuliza: ya Mpanda yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Mpanda iko bara, magharibi kabisa, na wengi wetu hatujapata kuiona hata kwa picha. Twawajibu kwamba polisi wa Mpanda na polisi wa Wete ni jeshi moja chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Na dola iliyozoea kumkabidhi raia rungu huko, kisha ikageuza uso, haitaona haya kufanya hivyo hapa. Wenzetu wenye kumbukumbu wanajua kwamba imekwisha kufanyika.

Kwanza tuwape haki wenye haki yao. Sungusungu haikuzaliwa na serikali. Ilizaliwa na Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale bunduki zilipozagaa baada ya vita vya Uganda na wizi wa ng'ombe ukazidi kiasi. Mtu akiibiwa alikwenda polisi. Mwizi akishikwa, haukupita muda mrefu akaonekana gulioni anatembea kifua mbele. Watu wakachoka. Wakachagua watemi na makamanda wao, wakashika pinde na mishale, na ukelele ukipigwa usiku kila mwanamume alipaswa kutoka. Asiyetoka alitozwa faini. Aliyekaidi alitengwa na kijiji kizima, hasaidiwi shambani wala msibani. Wizi ulipungua, na anayesema haukupungua hajui anachosema.

Lakini mkono ule ule uliomshika mwizi uliwafikia pia vikongwe walioshukiwa uchawi, na kosa la wengi wao lilikuwa macho mekundu ya kupikia kwa kuni na samadi miaka hamsini. Hapo hapakuwa na hakimu, wala wakili, wala rufaa.

Wasukuma walipohamia na mifugo yao Mpanda na Mpimbwe, katika nchi ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Katavi, walikwenda na sungusungu yao. Watafiti waliokaa Mpimbwe waliona jambo la kuzingatiwa: sungusungu ya Wasukuma ilikuwa na nguvu, na ya Wapimbwe, wenyeji wa nchi, haikushika vile. Hatushangai. Kiapo hakipigwi chapa ofisini. Ila swali linabaki: Mpimbwe akishitakiwa na Msukuma, ni nani mwamuzi asiye ndugu wa mmoja wao?

Na mkoa huo una wageni wengine. Katumba na Mishamo ni makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na watoto na wajukuu wao wamezaliwa hapo. Wengi walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Cheti ni kitu kizuri. Je, usiku, mbele ya kundi la vijana wenye marungu, nani atakisoma? Sisi tunaomjua sheha anayeweza kumkana jirani aliyekua naye mtaa mmoja, kwamba si mkaazi, hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hili.

Sasa tuje kwenye shina la maneno yetu. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, raia walioshikwa kwa tuhuma za mauaji waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa askari. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, aliyelelewa Unguja. Hakumpiga mtu yeyote. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliopiga walikuwa chini ya wizara yake. Twamheshimu kwa hilo, ingawa hakuwa wa chama chetu. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa majangili, iliwaumiza raia wasio na hatia. Bunge lilipouliza, mawaziri wanne walipoteza vyeo, akiwemo Shamsi Vuai Nahodha, aliyepata kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar.

Basi ndivyo inavyokuwa askari wa serikali anapodhulumu: ana namba, ana mkubwa wake, na mkubwa ana waziri. Mtu akifia mikononi mwa sungusungu wa kijiji, waziri gani amepata kujiuzulu? Hatumjui hata mmoja. Na msituambie kwamba sungusungu ni watu binafsi. Sheria namba 9 ya mwaka 1989 iliwaingiza katika sheria za mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata. Aliyekuwa Rais mwaka huo ni Mwinyi huyo huyo! Mtu aliyejua kuliko wote uzito wa dhamana ndiye ambaye katika utawala wake rungu lilipewa hadhi ya sheria, na dhamana haikuwekwa wazi ni ya nani. Hatusemi alikusudia ubaya. Serikali ilikuwa haina askari wa kutosha wala fedha, na ulinzi wa bure una utamu wake.

Kilichofuata ni mazoea. Juni 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwenyeji wa Mpanda, alisimama bungeni akasema wakaidi wa amri za vyombo vya dola wapigwe tu, maana wamechoka. Kauli hiyo ikisemwa na Waziri Mkuu, kamanda wa sungusungu kijijini ataifahamu vipi?

Na hapa kwetu, katika siku za uchaguzi wa Oktoba 2015 uliofutwa na ule wa marudio wa Machi 2016, watu waliofunika nyuso walizunguka mitaani wakipiga raia. Mliwaita mazombi. Nani kasimama kizimbani kwa hayo? Uso uliofunikwa ni njia fupi ya kufika kule kule: pigo lipo, mwenye kupiga hayupo.

Hatutaki sungusungu wa Mpanda wavunjwe kesho, wezi wakafanya karamu. Twataka kila kundi liandikishwe kwa majina, kila aliyekamatwa afikishwe kituoni siku ile ile na aandikwe kitabuni, na katika kila wilaya awepo afisa mmoja wa polisi, kwa jina lake, atakayewajibika kwa kila jeraha. Wabunge wetu walioko Dodoma walichukue swali hili na kumuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani, na wasikubali kujibiwa kwamba hayo ni mambo ya kijiji.