Wangila Apewe Haki Yake, Isipungue Wala Isizidi

Nimechoka.

Nimechoka kusikia watu wazima wakifunga habari ya Robert Wangila kwa kauli moja ya kivivu: "Alikuwa mzuri, lakini hakufika mbali."

Hakufika mbali? Wewe unayesema hivyo, unajua alifika wapi?

Alifika Seoul, mwaka 1988. Mwanzoni mwa Oktoba, akiwa kijana wa miaka 21, alipanda ulingoni kupigania dhahabu ya Olimpiki katika uzani wa welter. Mbele yake alisimama Mfaransa, Laurent Boudouani. Pambano lilikuwa la raundi 3. Ya 3 haikufika. Katika raundi ya 2 Wangila alimlaza Mfaransa chini kwa KO, habari ikaishia hapo. Majaji hawakuulizwa kitu.

Narudia, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopitia mbio: majaji hawakuulizwa kitu.

Umesahau majaji wa Seoul walivyokuwa? Uzani mmoja tu juu ya ule wa Wangila, Mmarekani Roy Jones Jr alimtandika mwenyeji Park Si-hun kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, dunia nzima ikitazama. Kisha majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Jones, kijana ambaye baadaye angetawala ndondi za kulipwa, akarudi kwao na fedha. Hizo ndizo Olimpiki alizopigana Wangila. Mahali ambapo mshindi angeweza kuporwa mchana kweupe, mtoto wa Nairobi alishinda kwa namna ambayo hakuna mkono wa mtu ungeweza kuigeuza.

Na huyo Mfaransa aliyelazwa, unadhani alikuwa nani? Mtu wa kuokotwa njiani? Mwaka 1996 Boudouani alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzani wa super welter, akaushika hadi 1999. Bingwa wa dunia kamili! Mwaka alipovishwa mkanda ule, Wangila alikuwa amelala kaburini miaka miwili.

Sasa niambie tena kwamba hakufika mbali.

Wangila ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuliletea bara hili dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Tangu tuanze kushiriki Olimpiki hadi Paris 2024, kila dhahabu nyingine ya Kenya imetoka kwenye riadha. Kila moja. Na tangu siku zile za Seoul, alipotwaa dhahabu yeye na Chris Sande akapata shaba, hakuna bondia wa Kenya aliyerudi na medali ya Olimpiki ya rangi yoyote.

Haya, najua hoja yenu. Mnauliza mkanda uko wapi. Mnaniambia aliingia ndondi za kulipwa mwaka 1989, akaenda Marekani, akashinda mara 22 na kushindwa mara 5, na kiunoni mwake haukuzunguka mkanda wowote wa dunia.

Ni kweli. Sitalificha hilo wala sitalipaka rangi. Mara tano kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 27 si haba, na bondia anayegombea kuitwa mfalme wa uzani wake hapotezi kiasi hicho mapema hivyo. Katika ndondi za kulipwa Wangila alikuwa mpiganaji mzuri, mwenye konde zito, ambaye bado alikuwa anatafuta njia. Huo ndio ukweli, na anayempenda kweli ataukubali.

Ndiyo maana nina ugomvi na kundi la pili pia, wale mashabiki wanaolia kila Julai: "Angalikuwa hai, angalikuwa bingwa wa dunia!"

Mmejuaje? Nani amewaonyesha?

Kifo hakitoi pointi. Raundi ambayo mtu hakupigana haiandikwi popote. Ukianza kumpa marehemu ushindi wa mapambano ambayo hayakufanyika, umeanza kumdharau bila kujua, kwa sababu unaungama kwamba yale aliyoyafanya kweli hayakutosha. Mgala muue na haki yake umpe. Haki yake ni ile aliyoitolea jasho.

Na tazama hatari ya kilio hicho. Usiku wa tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzalez. Raundi ya 9 refa akaona mtu huyu anapokea makonde mengi kupita kiasi, akalisimamisha pambano. Wangila alikasirika. Alilalamika pale pale ulingoni, akitaka aachwe aendelee. Akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo. Huko akaanguka. Damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu. Tarehe 24 Julai akafa, ana miaka 26.

Refa yule alikuwa sahihi. Kama alikosea, alikosea kwa kuchelewa. Lakini nenda ukasikilize jinsi habari hii inavyosimuliwa: "Aliondoka kishujaa, hakutaka kusalimu amri." Kishujaa? Tunamwambia nini kijana anayevaa glavu leo? Kwamba akiona maluweluwe, kichwa kinamgonga, aendelee tu ili tumwimbie? Kwamba kocha anayerusha taulo ni mwoga? Tukiugeuza ubongo unaovuja damu kuwa sifa, tutazika wengine, na mikono yetu haitakuwa safi.

Kwa hiyo bondia aliyekatiwa safari tumpimeje? Hili si fumbo. Wenzetu walishalitatua zamani.

Mwulize Mmeksiko yeyote mpenda ndondi kuhusu Salvador Sánchez. Alikufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Agosti 1982, ana miaka 23. Ishirini na mitatu! Hakuna aliyesema hakufika mbali. Walihesabu aliowapiga. Mwaka 1980 alimpokonya Danny López ubingwa wa dunia wa WBC. Agosti 1981 alimkabili Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, mtu ambaye alikuwa hajawahi kushindwa na ambaye kila ushindi wake ulikuwa wa KO, akamsimamisha katika raundi ya 8. Julai 1982, wiki tatu tu kabla ya ajali, akamshinda kijana mmoja wa Ghana katika raundi ya 15. Kijana huyo, Azumah Nelson, akaja kuwa bingwa wa dunia na mmoja wa mabondia wakubwa zaidi waliowahi kutoka Afrika.

Umeona kipimo chao? Walitazama aliyesimama mbele yake alikuwa nani, ushindi ulipatikana vipi, na walioshindwa walikuja kuwa watu gani. Miaka ya kazi ni habari nyingine kabisa. Wapo waliopigana miaka 20 na hakuna cha kukumbukwa.

Mpime Wangila kwa kipimo hicho hicho. Mkanda wa dunia, hakuna. Utawala wa miaka kama wa Sánchez, hakuna, kwa hiyo usimweke naye meza moja. Lakini siku ile aliyoitwa mbele ya dunia alimlaza bingwa wa dunia wa baadaye, akafungua mlango ambao Waafrika weusi walikuwa wanaubisha kwa miaka mingi. Kama huo si ukubwa, basi wewe unatafuta utajiri, hutafuti ndondi.

Najua wapenzi wa Philip Waruinge watanijia juu. Na wana hoja, kwa maana Waruinge ana medali mbili, shaba ya 1968 na fedha ya 1972, na kule Mexico alipewa Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kupita wote, akiwa na shaba tu shingoni. Kwa ufundi, Waruinge. Tena Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978, alikatiwa njia na wanasiasa, si na makonde, kwa sababu Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na za 1980. Huyo naye ni wa kupimwa kwa aliyoyafanya. Lakini dhahabu iliingia nyumbani kwa mkono wa Wangila, na mimi hapo sitarudi nyuma hata hatua moja.

Sasa sikiliza gharama ya uvivu wetu.

Juzi niliingia katika ukumbi mmoja wa mtaa hapa Nairobi. Vijana saba au wanane, gunia moja la mazoezi lililofungwa kwa utepe wa gundi kila upande, glavu zinapokezanwa. Mmoja alikuwa anafunga bendeji iliyogeuka rangi ya udongo. Nikamwuliza bondia mkubwa anayemjua. Akanitajia Mayweather, akanitajia Tyson. Nikamwuliza, na Wangila je? Akanitazama, akatikisa kichwa. Hakuwa na dharau yoyote. Hakuwahi kuambiwa.

Hakuwahi kuambiwa! Kijana wa Nairobi, anayerusha makonde Nairobi, hajui kwamba mtu wa mji wake aliwahi kusimama juu ya jukwaa la Olimpiki akipigiwa wimbo wa taifa kwa ajili ya ndondi. Anadhani ukubwa unazaliwa ng'ambo na kuletwa kwa simu.

Kosa ni la nani? Lake? Au letu sisi tuliomwambia kwamba asiye na mkanda wa dunia hakuwa kitu?

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Wangila tumemtunza na nini? Kila miaka minne tunawapigia wakimbiaji vigelegele, na wanastahili, kisha tunauliza kwa mshangao kwa nini ndondi zimekufa. Zimekufa kwa sababu tuliacha kuzithamini pale zilipokuwa na nguvu. Timu yetu ya ndondi ya miaka ya themanini haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa na klabu za jeshi, polisi na magereza, na vijana wa kumbi za mitaa waliokuwa na kocha na ratiba, wakikutana ulingoni mara kwa mara mwaka mzima. Tulipoanza kuiita kazi hiyo "ya ridhaa tu", tukaidharau. Tulipoidharau, pesa zikaondoka. Zilipoondoka, medali zikaondoka nazo. Na bado umelala unasema Wangila hakufika mbali!

Amka, ndugu yangu. Mtu asiyejua kupima aliyemtangulia atamfundishaje anayemfuata?

Wakuu wa ndondi, mafaili ya Seoul mnayo ninyi. Yatoeni. Picha za fainali ile zichezwe katika kila ukumbi wenye gunia na kengele. Kila kijana anayepewa glavu aelezwe pia kilichotokea Las Vegas, bila kupunguza na bila kupamba, ili ajue kwamba refa anaposema basi, ni basi. Walimu wa michezo, msingoje wizara. Na wewe shabiki, ukisikia tena kwa kinyozi mtu anasema Wangila hakuwa bondia mkubwa, usinyamaze. Mwulize Boudouani ni nani. Ukisikia mwingine anasema angalikuwa bingwa wa dunia, mnyamazishe naye.

Hukumu yangu ni hii. Katika ndondi za kulipwa Robert Wangila alikuwa mzuri, hakuwa mkubwa, na hakupata muda wa kubadilisha hilo. Katika ndondi za Olimpiki alikuwa mkubwa kuliko Mkenya yeyote, na hadi leo hakuna aliyemsogelea.