Ukipunguza ugali, dawa ya sukari nayo iangaliwe upya

Mama mmoja wa Kasulu aliletwa hospitali alfajiri akiwa hajitambui, nguo zimelowa jasho. Tulipompima, sukari ilikuwa 2.1. Kwa anayetumia dawa za kisukari, chini ya 4 tayari imeshuka mno. Alipozinduka baada ya kuwekewa dripu ya sukari, nilimuuliza alikula nini usiku.

“Mayai mawili na mchicha, Daktari. Ugali nimeuacha, hii ni wiki ya pili. Lakini dawa sijaruka hata siku moja.”

Binti yake aliyeko Dar es Salaam alimtumia mapishi ya keto kwa simu. Mama akayafuata, na vidonge vyake akameza kama alivyoelekezwa miaka ya nyuma. Hakumkaidi mtu. Ila hakuna aliyemwambia kwamba sahani ikibadilika, na dozi hubadilika.

Siandiki haya kukutisha uache kujaribu. Kupunguza wanga kunasaidia wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani kushusha sukari na uzito. Mlo wa keto wenyewe unakwenda mbali zaidi: wanga hupunguzwa mpaka chini ya gramu 50 kwa siku, mwili ukaanza kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni. Sasa fikiria sahani zetu. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina wanga takriban gramu 80. Maana yake ugali wa mlo mmoja tu unamaliza hesabu ya siku nzima na kupita.

Mlo huu ulianza kama tiba. Mwaka 1921 Dk Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, chini ya uangalizi wa madaktari. Leo unafika jikoni Kibondo kwa simu, bila daktari.

Nami niliujaribu nyumbani kwangu. Kabeji niliikata nyembamba sana, nikaikaanga dakika chache na kitunguu, nikaipakua mahali pa wali. Nikala na dagaa wa Kigoma waliokaangwa na nyanya, na nusu parachichi. Siku nyingine mayai na uyoga wa msimu wa mvua, au mchicha wa karanga. Chakula kilikuwa kitamu. Siku ya tatu kichwa kiliniuma na nikasikia kizunguzungu, kwa sababu wanga ukipungua ghafla mwili hutoa maji na chumvi nyingi kwa mkojo. Wanangu walikula kabeji yote, kisha wakauliza ugali uko wapi. Niliwasongea, kwa maana mtoto anayekua hana sababu ya kunyimwa wanga.

Nilichojifunza ni kwamba keto kamili haitufai wengi wetu huku. Inakutaka uache hata maharage, ambayo Kibondo na Kasulu ndiyo protini ya kila siku kwa familia isiyomudu nyama. Maharage yana wanga, ndiyo, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na hupandisha sukari polepole. Usiyatupe. Mawese nayo si ya kumwaga bila kipimo eti kwa sababu hayana wanga. Karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu.

Ushauri wangu ni huu: igawe sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, kabeji, matembele, au kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sana. Robo iwe maharage, dagaa au mayai. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, ndizi au viazi. Anayelima tangu asubuhi anaweza kuhitaji zaidi kidogo ya anayeshinda dukani. Chai ya sukari na soda ndizo za kuanza kuondoa.

Lakini kabla ya kupunguza, soma pakiti ya dawa yako. Kama imeandikwa glibenclamide, gliclazide au glimepiride, au kama unachoma insulini, usianze kabla ya kuonana na mtaalamu wa afya. Vidonge hivyo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Huenda dozi ikapunguzwa siku hiyohiyo unapoanza. Metformin peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Dawa za presha nazo zitajwe, maana presha inaweza kushuka. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo wasijaribu keto nyumbani. Na anayetegemea insulini tangu utotoni asiiache kamwe, hata asipokula ugali kabisa.

Ukisikia jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio au akili kuchanganyikiwa, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe mara moja. Subiri dakika 15. Usipopata nafuu, rudia. Ukitulia, kula chakula, kisha nenda kituo cha afya, kwa sababu sukari iliyoshushwa na vidonge hivyo inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Mgonjwa akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mmkimbize hospitali.

Yule mama alirudi nyumbani na dozi mpya, na robo yake ya ugali. Binti yake alinipigia simu akilia, akijilaumu. Nilimwambia mapishi yake hayakuwa mabaya. Siku nyingine akimtumia mama chakula kipya, kwanza amuulize anameza nini.