Bao liingie maktabani

Kila likitajwa wazo la kuweka bao, drafti na sataranji katika maktaba za shule na za mitaa huku Likoni, Kisauni na Changamwe, mapingamizi ni yale yale. Naanza na lililo zito.

"Mtafungua mlango wa kamari." Mzazi wa Kisauni ana haki ya kuogopa, maana anaona vijana wanavyomaliza pesa kwa kubashiri mechi kwenye simu. Lakini kamari ni dau, na maktabani dau halitawekwa. Dado na karata, ambazo wengi tumelelewa kuziepuka kwa ajili ya dini, zibaki nje, hakuna hasara. Bao la kete halina bahati nasibu: mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na wakati wa kunamua huingiza moja moja. Anayetaka kuilinda nyumba yake hupiga hesabu ya mzunguko mzima kabla ya kugusa shimo. Mwaka 1995 Alexander de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, aliandika tasnifu nzima juu ya umahiri wa mabingwa wa bao.

"Maktaba ni ya vitabu." Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti maktaba, makumbusho, michezo na utamaduni ndani ya fungu moja. Na huko San Francisco, taasisi ya Mechanics' Institute iliyoanzishwa 1854 ina maktaba na klabu ya sataranji chini ya paa moja hadi leo.

"Watapiga kelele." Basi watengewe Jumamosi alasiri.

"Wachezaji wana baraza zao." Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Baraza ni la wanaume. Msichana wa Likoni mwenye kichwa cha hesabu hapati nafasi ya kukaa hapo na kucheza, na hakuna anayemwita. Maktabani atapata kiti, na mzee anayejua kutakata atapata wa kumrithisha, awe mvulana au msichana. Tukiliacha bao barazani peke yake, tunawanyima nusu ya watoto wetu mchezo wa kwao.

"Pesa zinunue vitabu kwanza." Drafti ni ubao na vizibo 24 vya soda. Kete za bao ni komwe, mbegu za kichaka kinachoota pwani. Hakuna kitabu kitakachokosekana kwa hayo. Anayelilia vitabu kwa dhati adai pia maktaba kubwa ya umma upande wa bara, maana iliyopo iko kisiwani na mtoto wa Likoni huivukia feri. Madai hayo nayaunga mkono.

Wewe unayejua bao, chukua ubao wako uende maktaba iliyo karibu nawe, umwombe mkutubi meza moja.