"Imekufa" Si Jibu la Fundi

Liko neno moja ambalo mwenye gari la zamani hapa kwetu hulisikia mapema kuliko kuitikiwa salamu. Hufika gereji, hueleza kwamba gari lake halibadilishi gia sawasawa, na kabla hajamaliza maelezo fundi amekwisha kutoa hukumu: "Mzee, giaboksi imekufa. Otomatiki haitengenezwi. Tafuta nyingine." Hapo hapo hutajiwa bei, na hapo hapo hutajiwa mtu anayeuza.

Nathubutu kusema kwamba hukumu hiyo, ikitolewa bila kipimo, si ufundi hata kidogo. Ni ramli. Tena ni ramli mbaya kuliko ile ya mpiga bao, kwa maana mpiga bao hudai kuku tu, na huyu hudai kiinua mgongo.

Msomaji anaweza kuuliza, huyu mwalimu mstaafu anajua nini kuhusu giaboksi? Nitamjibu. Sikusomea ufundi wa magari. Nilifundisha walimu kufundisha, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwakataza vijana wasimwite mtoto mjinga kabla ya kujua kama anaona ubao, anasikia sauti, na kama asubuhi ile amekula. Mwalimu aliyesema "mtoto huyu hana akili" bila kupima lolote nilimrudishia andalio lake la somo. Sioni kwa nini nimkubalie fundi jambo nililomkatalia mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Isitoshe, gari langu ni Toyota Mark II ya 1995, na mtu mwenye gari la umri huo hujifunza apende asipende.

Watu wetu huiogopa otomatiki kama kwamba ni kitu cha juzi. La hasha. General Motors ya Marekani iliweka giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na hiyo ilikwisha kuwa otomatiki kamili. Ni mtambo wenye zaidi ya miaka 80 sokoni. Hapa kwetu magari hayo yaliingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa, yakitoka Japani na mengine yakipitia Dubai, na mafundi waliokulia kwenye Land Rover na Peugeot za gia za mkono wakajikuta wanaletewa kitu ambacho hakuna aliyewafunza. Hilo si kosa lao. Kosa ni kwamba badala ya kujifunza, wengi walibuni msemo, na msemo ukageuka elimu.

Tuuangalie mtambo wenyewe. Katika gia za mkono injini hukamatana na giaboksi kwa klachi inayokanyagwa. Katika otomatiki kazi hiyo hufanywa na oili inayozungushwa ndani ya konveta. Oili hiyo hiyo husukumwa na pampu, hupita katika vali nyembamba, na hubana sahani za klachi zilizomo ndani ili gia hii ishike na ile iachie. Katika magari ya miaka ya 1990 kama langu, kinachoamua gia ipi ishike ni kompyuta ndogo, ambayo hutuma umeme kwa solenoidi, yaani vijibomba vya umeme vinavyofungua na kuziba njia ya oili. Kwa hiyo gari linapokataa kubadilisha gia ugonjwa unaweza kuwa katika oili, katika kebo ya mafuta, katika umeme, au katika sahani na vali zenyewe. Kati ya sehemu hizo nne, ni ile ya mwisho tu inayostahili giaboksi kushushwa chini. Fundi anayeanzia mwisho ni sawa na daktari anayepasua tumbo kwanza na kuuliza baadaye umekula nini.

Sasa nieleze kisa kinachonifanya niandike kwa hasira hii. Mwalimu mwenzangu, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa hakunituma, ana gari kama langu. Siku moja likawa zito kuondoka. Ukikanyaga mafuta linajivuta kama limebeba mawe. Likishapata mwendo linakwenda vizuri, na kurudi nyuma linarudi bila shida. Kwenye deshibodi taa ya O/D OFF ilikuwa inamweka bila kukoma. Alikwenda gereji moja, akaambiwa imekufa. Kuhusu ile taa aliambiwa, "Hiyo ni kawaida ya haya magari, Mwalimu." Akanunua giaboksi iliyotumika kwa shilingi 1,400,000. Ikafungwa. Gari likabaki zito vile vile. Akaambiwa ile nayo ilikuja mbovu. Akanunua ya pili kwa shilingi 1,200,000, ugonjwa ukawa ule ule. Fedha hiyo ilikuwa ya mabati. Nyumba yake hadi leo ina vyumba viwili visivyo na paa, na mkewe haulizi tena.

Hebu tufikiri kidogo. Giaboksi tatu, pamoja na ile iliyokuja na gari kutoka Japani, zote ziugue ugonjwa mmoja kwa dalili moja? Watoto watatu wakikalishwa zamu kwa zamu kwenye dawati moja, na wote wakashindwa kusoma ubao, mwalimu mwenye akili huacha kuwachapa watoto na kwenda kutazama dirisha. Ugonjwa ulikuwa nje ya giaboksi. Kijana mmoja fundi umeme aliuona kwa muda usiozidi robo saa, kwa kipande cha waya na mita ya kupimia umeme, akadai shilingi 30,000.

Nitaeleza alichofanya, maana hapa ndipo penye shule. Kwanza alikaa ndani akaweka mkono wa gia kwenye L badala ya D, akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele kama jipya. Akatabasamu, akasema, "Mwalimu, maiti hairuki." Maelezo yake ni haya. Katika giaboksi nyingi za Toyota za gia nne za wakati ule, zile zinazoongozwa na umeme, solenoidi zote mbili zikikosa umeme mtambo haufi. Ukiweka L unapata gia ya kwanza, ukiweka 2 unapata ya tatu, na ukiweka D unapata ya nne. Hivyo gari la mwenzangu lilikuwa linaondoka kwa gia ya nne! Nani asingekuwa mzito? Kipimo hicho hakihitaji spana wala shilingi moja. Kinahitaji mtu anayejua mkono wa gia una herufi ngapi na kwa nini.

Kisha akafungua boneti, akatafuta kile kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya, akawasha swichi bila kuwasha injini. Ile taa iliyoitwa ya kawaida ikaanza kusema. Ilimweka mara sita, ikatulia, ikamweka mara mbili: 62. Ikaja 63. Hizo ni namba za solenoidi ya kwanza na ya pili. Kama kusingekuwa na kosa, ingemweka mfululizo bila kituo, mara mbili kila sekunde. Na bado kijana hakusema solenoidi ni mbovu, wala hakutuagiza tukanunue. Alipima. Kutoka kwenye plagi ya giaboksi yenyewe kila solenoidi ilisoma ndani ya om 11 hadi 15, ambayo ndiyo afya yake. Basi solenoidi nzima, kompyuta inalia, kilichobaki ni njia kati ya viwili hivyo. Akafuata nyaya kwa mkono, na karibu na ukuta wa injini akakuta panya wamekula mbili.

Panya! Shilingi 2,600,000, mbali na malipo ya kushusha na kupandisha, kwa meno ya panya. Na ile giaboksi ya kwanza, nzima kabisa, iliachwa gereji kama chuma chakavu.

Nasikia majibu ya mafundi, na baadhi yake yana haki. Husema wateja hawalipi kwa kupimwa. Ni kweli. Mstaafu aliyevaa suti humwambia fundi, "Si umeangalia tu? Kuangalia nako kuna bei?" Halafu mstaafu huyo huyo hulipa bila kunung'unika akionyeshwa chuma kizito chenye grisi. Tumewafundisha mafundi kwamba elimu yao haina thamani na kwamba tunalipa uzito. Wamejifunza somo hilo vizuri. Anayeishi kwa kamisheni ya giaboksi ataona giaboksi mbovu kila mahali. Lakini udhaifu wa mteja haumpi fundi ruhusa ya kusema asilolijua. Angesema, "Sijapima, na kupima ni kiasi hiki," ningemvulia kofia.

Wengine husema muda ni mali. Muda gani? Oili hutazamwa kwa dakika chache, lakini iangaliwe ipasavyo. Kwa Toyota za namna hii gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata moto na inaendelea kuunguruma, mkono upitishwe polepole kutoka P mpaka L na kurudi P, ndipo kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kisomwe upande wa HOT. Honda nyingi, kinyume chake, husomwa injini ikiwa imezimwa punde tu. Nimewaona mafundi wakisoma gari lolote asubuhi, limelala baridi, wakatingisha kichwa kwa huzuni. Nyekundu ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi basi maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta, na hapo kubadilisha giaboksi bila kubadilisha rejeta ni kumzika wa pili katika kaburi la kwanza.

Kebo nayo ni jambo la dakika kumi. Iko kebo inayotoka kwenye mkono wa mafuta wa injini hadi giaboksi, nayo ndiyo huiambia giaboksi ibane kwa nguvu kiasi gani. Mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya kizuizi cha kebo na mpira wa ganda lake isizidi milimita moja. Ikilegea, gia huingia mapema na kuteleza, na sahani huungua taratibu. Ikikazwa mno, gia huchelewa na kupiga kishindo. Ni magari mangapi yameambiwa yamekufa kwa sababu mtu alisafisha kabureta au mwili wa mafuta akarudisha kebo ovyo?

Sisemi giaboksi hazifi. Hufa. Oili ikiwa nyeusi na inanuka, sampo ikifunguliwa ikakutwa na vipande vya chuma vinavyometa (ule unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida), gari likiteleza mbele na nyuma, hapo hata mimi nitachimba kaburi. Kipo pia kipimo cha kukaba breki na kukanyaga mafuta likiwa kwenye D kisha R, ukitazama mizunguko ya injini. Hicho afanye anayejua, magurudumu yamezuiwa, na kisizidi sekunde tano, vinginevyo utaiua ile uliyotaka kuipima. Mizunguko ikipita kiasi katika D peke yake, klachi ya mbele ndiyo mshukiwa. Ikipita kote kuwili, tazama oili na nguvu ya pampu. Na ukinunua nyingine, soma kwanza kibati kilichomo ndani ya boneti, penye neno TRANS/AXLE, namba ilingane, usikubali "inafanana."

Kuhusu magari ya siku hizi yasiyo na kijiti, yenye mkanda wa CVT, vipimo hubadilika na mashine ya kusomea namba ni lazima. Lakini ramli imehamia huko pia. Fundi huchomeka mashine, husoma namba inayotaja solenoidi, hukuambia nunua solenoidi. Namba ile husema tu kwamba kompyuta haioni umeme ukipita inavyotarajia. Hata ya mwenzangu ilisema hivyo hivyo, kwa lugha ya taa, na aliyekuwa mbovu ni panya.

VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994, na wapo vijana waliofunzwa kushika mita. Wengi wao nimewakuta wakiosha vipuri chini ya mafundi wa "imekufa," kwa sababu sisi wateja hatuulizi nani amepima. Mimi sasa hulipa kupimwa kwanza, kabla spana haijatoka kwenye boksi, na hudai niandikiwe kwenye karatasi: oili ilikuwaje, taa ilihesabu ngapi, kwenye L liliondokaje. Na chuma cha zamani kikishushwa hurudi nacho nyumbani. Gereji mbili zimenikatalia karatasi hiyo. Ya tatu, mwenyewe alinikopa kalamu.